Kopo la Vifungo na Neno Moja la Idi

Mwaka 1986, nikiwa na miaka kumi, shida iliingia kwetu Kariakoo, na ilikuja na harufu yake. Ni harufu ya belo la mitumba likikatwa kamba: dawa ya wadudu, jasho la watu usiowajua, na ubichi wa tumbo la meli. Mpaka leo nikipita Mtaa wa Kongo asubuhi, vijana wanafungua mzigo, pua inanirudisha kwenye chumba kimoja cha Mtaa wa Mchikichi, juu ya mkeka, mbele ya kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo. Wenzangu wanakumbuka utoto kwa harufu ya wali wa nazi. Mimi nilipewa hiyo.

Nitasimulia kwa lugha yangu, mnivumilie. Shule niliishia darasa la nne, na sijawahi kuona haya kulisema. Waliosoma wana maneno mazuri. Mimi nina niliyoyaona.

Baba alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo. Miaka ya foleni, watu wakipanga mawe kushika nafasi ili wapate doti moja ya kanga, sisi tulijiona watu wakubwa, maana vipande vya kanga havikukosekana nyumbani. Halafu ikaja ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa. Maduka yakajaa, redio zikaimba kila baraza, na mitumba ikamwagika mitaani kama mvua ya masika. Nani tena angenunua kitambaa cha kiwandani wakati shati zima la Ulaya linauzwa chini, juu ya turubai, na bei unapatana? Kiwanda kikapunguza watu, na baba akapunguzwa. Alikaa barazani wiki kadhaa akitazama barabara, kisha akasema anaenda machimboni, atatuma chochote. Hatukupata chochote, wala habari zake. Sisemi kwa uchungu. Nasema ili mjue tulibaki nani na nani: mama, mimi Zuhura, na mdogo wangu Idi, aliyekuwa na miaka minne.

Chumba tulichokaa kilikodishwa na kaka yake baba. Tulimwita Baba Mkubwa, na jina lake Mrisho. Alikuwa na biashara ya kanga, nyumba Magomeni, na tumbo lililomtangulia mlangoni. Cherehani aliyoshonea mama pia ilikuwa yake. Mama alikaa nayo barazani, au chumbani, akirekebisha mitumba ya wauzaji: kubana kiuno, kukata mikono, kubadili zipu. Mashati yaliyochanika kupita kiasi walimwachia, naye aliyavua vifungo kimoja kimoja kwa wembe, akavitia kwenye kopo. Vikijaa alivichambua seti kwa seti na kuviuza kwa mama mmoja wa Kihindi, Mama Kirit, mwenye duka la nyuzi na sindano mtaa wa pili. Shati haliwezi kuwa na vifungo vya ukoo mbalimbali, na Mama Kirit alikuwa mkali katika hilo. Alivipitisha kwenye kiganja, akatoa kimoja na kusema, "Hii hapana yake, Mama Zuhura. Hii ndugu ya kambo."

Basi mchezo wetu ulitoka hapo, kwenye kazi ya mama. Hatukuwa na kitu kingine cha kuchezea.

Mama alitandika kanga juu ya mkeka, akamwaga vifungo, akaniambia nivipange kwa ukoo. Mara ya kwanza nilipanga kwa rangi, nikajiona nimemaliza dunia. Akavichanganya vyote kwa kiganja na kusema, "Haya, ukoo mwingine." Nikapanga kwa ukubwa. Akavuruga tena. Nikakasirika, maana mtoto hapendi kubomolewa nyumba yake, lakini nikaona matundu: viwili, vinne, na vile visivyo na tundu, vyenye kikonyo nyuma. Akavuruga. Safari hii nilikwama. Akachukua viwili vyeupe, vya saizi moja na matundu sawa, akanigusisha mdomoni kimoja baada ya kingine. Kimoja kilikuwa cha baridi, kingine vuguvugu. Cha baridi ni cha kombe la baharini, cha vuguvugu ni plastiki. Vilifanana kwa macho kama mapacha, na havikuwa na undugu hata kidogo. Nilikaa nimeshika mdomo wangu kama mtu aliyeambiwa siri ya mjini.

Na sheria ya mchezo ilikuwa moja. Huruhusiwi kusema "najua." Unasema "kwa sababu." Hiki na hiki ni ndugu kwa sababu gani? Hiki umekitoa kwa sababu gani? Nikisema "najua tu, mama," ananijibu, "Hata kuku anajua. Nipe sababu." Nilimwona mgumu. Watoto wa nyumba ile walicheza mdako na kombolela, hakuna aliyewauliza sababu.

Idi alicheza nasi. Yeye hakuulizwa sababu, kwa kuwa Idi alikuwa hasemi. Miaka minne, hana hata neno. Alicheka, tena kicheko cha kukunja mbavu, na akilia mtaa mzima ulijua. Lakini maneno hakuwa nayo. Watoto walimwita Gogo. Watu wazima, ambao midomo yao michafu kuliko ya watoto ila wanaifuta vizuri zaidi, walisema, "Maskini, akili haijatulia," na kunitazama mimi kama niliyeshiriki kuipoteza.

Mie niliyecheza naye mkeka mmoja nilikuwa najua habari nyingine. Mama alimpangia safu ya vifungo: cheusi, cheupe, cheupe, cheusi, cheupe, cheupe, kisha anaacha mkono hewani. Idi anatia cheusi. Anapiga magoti, anatafuta vyeupe viwili, anatia. Akimaliza anamtazama mama usoni, si mkononi, kuona kama macho yamecheka. Mama alipogeuza safu iwe ngumu, Idi alikaa akinyonya kidole cha shahada kama mzee anayekata shauri la ndoa, halafu akatia kile kile kilichotakiwa.

Kulikuwa na mchezo wa vikombe. Vikombe vitatu vya bati vimefunikwa, kifungo kiko chini ya kimoja. Mama anafunua cha kwanza, hakuna. Anafunua cha pili, hakuna. Watoto wa jirani waliopita hapo walikirukia cha tatu kukifunua. Idi hakukifunua. Alikinyooshea kidole na kuanza kucheka kabla, maana kwake kifungo kilikuwa kimeshaonekana. Siku moja mama alimfanyia hila, akakificha kifungo ndani ya ngumi. Idi akafunua cha kwanza, cha pili, na cha tatu, vyote vitupu. Alivitazama vile vikombe. Akatazama mkeka. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye ngumi ya mama, akaanza kuifungua kidole kimoja kimoja, na mama alicheka mpaka akalala chali. Hiyo ni moja ya mara chache nilizomwona mama akicheka mwaka ule. Niambieni, huyo ndiye mtoto asiye na akili?

Baba Mkubwa alikuja kila Ijumaa baada ya swala, na kanzu yake nyeupe, kutazama mali zake: cherehani, chumba, na sisi. Nilimpokea kwa shikamoo, akanijibu marahaba bila kunitazama. Kisha alimgeukia Idi na kusubiri.

Nyie wa siku hizi mnaosalimiana mambo na poa hamtaelewa uzito wa jambo hili. Kwa watu wetu akili ya mtoto ilipimwa kwa shikamoo. Mtoto akiweza kumwona mkubwa na kusema shikamoo, ni mzima, hata kama hajui mkono wa kulia. Asipoweza ana moja kati ya mawili: hana adabu, au hana akili. Sanduku la tatu halikuwepo.

"Mbona huyu hanisalimii?" alisema Baba Mkubwa.

"Bado mdogo, shemeji," mama alijibu, macho kwenye sindano.

"Mdogo wapi? Wa kwangu alikuwa anasoma Alhamdu saa hizi." Akainama, akamwita Idi kwa sauti ya mnada. Idi alikuwa anapanga vifungo, amempa mgongo. "Unaona? Namwita, ananidharau. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Akamzabua kisogoni. Idi akageuka na kumtazama, macho yamejaa maji na mshangao, kama mtu aliyeangukiwa na embe mahali pasipo na mwembe.

Ijumaa za namna hiyo zilijirudia. Na mama, ambaye kwangu alikuwa mwanamke wa maneno, mbele ya shemeji yake aliishiwa. Nilimlaumu kimoyomoyo. Mtoto hajui kwamba kuna watu wanaonyamaza kwa sababu paa lililo juu ya wanao ni la yule anayesema.

Sasa, kilichonifungua macho ni mikokoteni. Kariakoo mkokoteni haukuombi njia. Wasukumaji wanakuja na magunia yamepita vichwa vyao, wanapiga kelele "Mguu huo, mguu," na watu wanaruka kushoto na kulia. Niliwahi kumvuta Idi pembeni mara nyingi mno. Yeye peke yake hakuruka. Wenzake wote wanaruka kwa kelele, yeye anachuchumaa njiani anatazama kifuniko cha soda. Lakini tukiwa chumbani, mlango umefungwa, gari la mkono zito likipita nje, Idi alinyanyua kichwa kabla yetu na kutazama mlangoni. Nikawaza: huyu njiani hana habari, ndani anajua kabla ya mimi. Kwa nini? Njiani ardhi ni mchanga. Ndani tunakaa kwenye sakafu ya saruji, na sakafu inatetemeka matakoni.

Nikafanya kama mama alivyonizoesha. Nilifunua upande mmoja, kisha wa pili. Nilisimama nyuma ya Idi nikapiga makofi: hakugeuka. Nikasimama mbele yake nikapiga: akacheka, akapiga na yeye. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikakigonga na mwiko nyuma ya kichwa chake mpaka mama wa chumba cha tatu akanitukania ukoo. Idi alikuwa anaendelea na vyeusi vyake na vyeupe. Kisha nikagonga sakafu kwa kisigino, taratibu. Akageuka hapo hapo.

Vikombe viwili vitupu. Sikuhitaji kukifunua cha tatu. Mdogo wangu hakuwa bila akili, wala bila adabu. Hakuwa anasikia.

Sikumwambia mama siku ile. Nililitunza kama kifungo cha kombe, nikisubiri siku ya kulitoa kwa heshima.

Wakati huo huo mama alikuwa na mchezo mwingine na Idi, ambao mimi niliuona wa kipuuzi. Alimpakata, akauchukua mkono wake na kuuweka kooni pake, hapa penye kifundo, na kusema neno moja tena na tena. Halafu akauhamishia mkono kwenye koo la Idi mwenyewe. Baadaye alinitumia mimi. "Zuhura, kaa hapa. Sema da." Nasema da. Mkono wa Idi ukiwa kooni kwangu, macho yake mdomoni kwangu. Da. Da. Siku zikapita hivyo, nikiona napotezewa muda wa kombolela.

Halafu asubuhi moja nilikuwa natoka uani na ndoo ya maji kichwani. Idi alikuwa amekaa kizingitini. Aliponiona alijishika koo kwa mkono wake mwenyewe, akakaza uso, na kitu kikatoka: "Da." Kizito, kama cha mtu anayeongea ndani ya mtungi. Lakini kilikuwa changu. Maji yalinimwagikia mwili mzima. Miaka yote hiyo niliitwa Zuhura, we mtoto, wewe nawe, na hakuna aliyekuwa ameniita kwa kazi ya namna ile.

Tangu hapo ikawa Da asubuhi, Da jioni. Nikitoka shule, Da. Alijishika koo kila mara kwanza, kama mtu anayewasha taa kabla ya kuingia chumbani.

Ijumaa iliyofuata Baba Mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti chetu kimoja, anakunywa chai. Nikaingia. Idi akajishika koo. "Da."

Mama alinyanyua uso kutoka kwenye cherehani. Nauona mpaka leo ule uso. Ulikuwa na fahari na hofu kwa pamoja, kama mtu aliyeonyesha dhahabu kwa bahati mbaya.

Baba Mkubwa aliweka kikombe chini. "Kasemaje?"

"Ananiita dada," nikasema.

"Aseme tena." Idi hakusema, alikuwa ameshanikimbilia miguuni. Baba Mkubwa alimshika kidevu, akamfungua mdomo kama anayenunua mbuzi, akachungulia. "Mmeona?" alisema. "Maneno yamo. Yamejaa humu, yamekwama. Huyu ana kamba ya ulimi. Ulimi umefungwa chini, hauinuki. Kuna fundi Kigamboni anakata, dakika moja tu, mtoto anaanza kusema kama kasuku. Wangapi kawafungua."

Mama akasema, "Shemeji, tumwache kwanza. Ameanza mwenyewe."

"Ameanza na kimekwama. Da, halafu nini? Da, da, mpaka lini? Aibu hii inanifika hata msikitini."

Hapo nikaona siku yangu imefika. Nilikuwa nina sababu, na nilikuwa nimefundishwa kwamba mwenye sababu anasema. Nikasimama katikati ya chumba.

"Baba Mkubwa, Idi hana kamba. Hasikii."

"Nini?"

"Hasikii. Kwa sababu ukimwita mgongoni hageuki, ukimwita mbele anakuja. Kwa sababu mkokoteni ukipita barabarani hajui, ukipita tukiwa ndani anajua, sakafu inatetemeka. Ngoja nikuonyeshe." Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikasimama nyuma ya Idi, nikakigonga kwa nguvu zangu zote. Baba Mkubwa aliruka mpaka chai ikammwagikia kanzu. Idi alikuwa anaokota kifungo.

Mnaweza kucheka. Mimi nilikaribia kucheka, na ndicho kilichonivisha kofi lililonitupa mpaka kwenye mkeka. Vifungo vilitawanyika chumba kizima.

"Mtoto wa kike wa darasa la nne," alisema, akijifuta kanzu. "Umekuwa daktari? Unanifundisha mimi, mwanamke mdogo wewe? Ndiyo malezi haya?" Swali la mwisho alimwuliza mama.

"Zuhura, nyamaza," mama alisema.

Nikamtazama. Yeye aliyenikataza kusema najua, aliyenikamua sababu kama nazi, ndiye aliyeniambia ninyamaze.

Baba Mkubwa alisimama. "Jumapili tunavuka. Kama hutaki, sawa, sikulazimishi. Utafute chumba chako na cherehani yako." Akaondoka, na doa lake la chai.

Mama alipiga magoti akaanza kuokota vifungo. Nikamsaidia, shavu linawaka. Aliniambia, bila kunitazama, "Sababu zako zilikuwa sawa. Zote."

"Sasa mbona hukusema?"

"Chumba ni chake, mwanangu."

Kesho yake alitoka mapema akaenda Magomeni kumlilia mke wa Baba Mkubwa. Alirudi mchana, akakaa kwenye cherehani, hakushona. Alizungusha gurudumu kwa kiganja, mbele na nyuma, bila uzi.

Jumapili tulitembea kwa miguu, tukapita Mnazi Mmoja, tukashuka mpaka Magogoni, Baba Mkubwa mbele, mama na Idi katikati, mimi nyuma. Idi alikuwa amevaa shati jipya la mitumba, la mistari, ambalo mama alilibana na kulitia vifungo vya kombe, vile vya baridi, vyote ndugu. Alifurahi. Kwake ilikuwa ni sikukuu, watu wote pamoja mpaka na mzee wa kanzu.

Kwenye pantoni, chombo cha kuvukia kwenda Kigamboni, tulisimama kando, karibu na ukingo wa chuma. Injini ilipoanza, Idi alishtuka. Alitazama miguu yake. Akaweka kiganja kwenye kile chuma, akakiacha hapo, macho yakamtoka. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka kwenye chuma karibu na wake. Kilikuwa kinatetemeka. Akajishika koo. Akanishika koo mimi. Akagusa tena chuma, akanitazama usoni kwa kile kicheko cha kabla ya kufunua kikombe cha tatu. "Da," alisema. "Da."

Hakuwa ananiita. Alikuwa ananipa sababu. Koo likitetemeka, mtu anasema. Chuma hiki kinatetemeka. Basi chombo hiki chote, na magari yake na watu wake, kinasema. Mtoto wa miaka minne, hajasikia neno la mtu maishani mwake, alikuwa amefika hapo mwenyewe, katikati ya maji. Nikamtazama mama ili aone. Alikuwa ameona. Alikuwa amejifunika uso kwa ushungi.

Baba Mkubwa alitugeukia akasema, "Furahini. Tukirudi ataimba."

Kwa fundi sitawakalisha. Ilikuwa nyumba ya makuti, mzee msafi, sauti ya upole, na wembe. Mimi niliwekwa nje. Baba Mkubwa alimshika Idi magoti na mikono, mama akashikishwa kichwa. Nilichosikia ni kilio cha Idi, kilio kikubwa kuliko mwili wake, na juu ya kile kilio nilisikia sauti ya Baba Mkubwa, imejaa furaha ya kweli: "Mmesikia? Imefunguka."

Wakati wa kurudi kitambaa alichofungwa mdomoni kilikuwa kimelowa, na shati la mistari pia. Mama alimbeba. Kwenye pantoni nilichukua mkono wake, nikauweka kwenye chuma. Aliutoa. Nikauweka tena. Aliutoa na kuuficha kwapani kwa mama.

Aliumwa homa, ulimi ukavimba, akawa anakunywa uji kwa kijiko cha chai. Tulidhani tunampoteza. Hakufa. Watu wakasema Mungu mkubwa, na ni kweli. Ila alipopona, alipoona mtu yeyote mwenye kanzu alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Baadaye akaufunika kwa kila mtu. Nilirudi kutoka shule, nikasimama kizingitini, nikasubiri. Alinitazama. Hakujishika koo. Nikauchukua mkono wake nikauweka kwangu, nikasema da, da, da, mpaka nikalia. Aliungoja mkono wake niurudishe.

Baba Mkubwa alisubiri kasuku aimbe, hakuimba. Akasema basi, mkosi unatoka upande wa mama. Akachukua cherehani yake, akachukua chumba chake. Kwa hiyo tulilipa na hatukupewa. Tulihamia banda la uani kwa watu wa Mtaa wa Sikukuu, mama akaanza kupanga mitumba chini, na mimi nikaacha shule kumsaidia. Idi alikaa kati yetu juu ya turubai. Kwa miezi hakugusa kifungo. Mama alimfunulia vikombe viwili, yeye akatazama barabara. Halafu siku moja, bila kuombwa, alivuta kopo, akaanza kupanga. Mkono wa kulia kwenye vifungo, wa kushoto mdomoni.

Mimi nilikua na swali moja juu ya mama: alijua tangu lini kwamba Idi hasikii? Nililipatia jibu nikiwa na nywele nyeupe. Mjukuu wangu yuko chekechea, na mwalimu wao, binti mdogo tu, alitukusanya wazazi akatuambia tucheze na watoto nyumbani ili wajue kufikiri: wapange vitu kwa makundi, waone kinachofuata, wakisie kilichofichwa. Nikawa nacheka peke yangu, nikisema moyoni, binti, haya nilikula badala ya nyama. Akaongeza kwamba mtoto unamchezesha kwa kile anachoweza, asiyeona mpe vya kushika, asiyesikia mpe vya kuona. Kicheko kikanikauka.

Maana ndipo nilipouona mchezo wetu wote upya. Vifungo havina sauti. Vikombe havina sauti. Mimi niliulizwa kwa nini, Idi hakuulizwa kamwe. Mama akimtaka, aligonga sakafu kwa kidole. Mkono kooni. Alikuwa anajua. Alijua kabla ya mikokoteni yangu na vifuniko vyangu, na hakumwambia mtu, kwa sababu mtoto akishaitwa kiziwi mbele ya watu kama wale, hakuna tena anayetafuta kilicho kichwani mwake. Alitaka kwanza ampe maneno mawili matatu, ndipo amtoe hadharani akiwa na cha kujitetea. Alikuwa amefikia neno moja. Na lile neno moja ndilo lililompeleka kwa wembe, kwa kuwa mzee yule naye alikuwa na sababu: limetoka moja, basi mengine yamefungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alifunua kikombe kimoja na kuapa anajua cha tatu kina nini.

Kwa hiyo nyie wenye watoto wadogo, chezeni nao. Wamwagieni vifungo, maharage, vizibo, chochote. Waulizeni kwa nini. Lakini siku mtoto akisimama katikati ya chumba akiwa na sababu mkononi, mumsikilize, hata akiwamwagia chai. Bila hilo mnamnoa tu ili akatwe vizuri.

Mama alikufa akiwa na nyumba yake. Nilimjengea mimi. Baba Mkubwa tulimzika Magomeni, nikapika pilau la watu wote, sikudaiwa machozi.

Leo nina fremu mbili za maduka Mtaa wa Kongo, moja ya mitumba, moja ya vifungo, zipu na nyuzi. Nina nyumba Mbagala na kiwanja Chamazi. Nina vyerehani vinne, visivyo vya shemeji yeyote. Nina bajaji moja, mbovu. Nina watoto watatu na mjukuu anayebishana na kila mtu, na hakuna ruhusa ya kumnyamazisha. Nina Idi, fundi wa kukata nguo, ana mke na mabinti wawili, na duka la vifungo limeandikwa jina lake. Nina kopo.

Lile Da sina.